Shangazi, watu wanasema sina kazi, nauza viazi tu. Je, na mimi nitastaafu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 49, mzaliwa wa Tukuyu, nimeolewa hapa Uyole. Nauza viazi mviringo. Nilianza mwaka ambao binti yangu wa pili aliachishwa ziwa, na sasa ana miaka 24. Saa kumi alfajiri naondoka kwenda Isyonje, siku nyingine Umalila, inategemea bei iko wapi. Saa nne nimesharudi na mzigo, natandika turubai, napanga sado na ndoo. Udongo wa kule ni mweusi na hautoki kirahisi. Siku ya harusi ya mdogo wangu nilipakwa rangi ya kucha, na chini ya rangi udongo ulionekana.

Kilichonifanya niandike ni fomu. Mwanetu wa mwisho amechaguliwa kidato cha tano, akaleta fomu za kujiunga. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, ana mwandiko mzuri, kwa hiyo fomu zote za nyumbani anajaza yeye. Nilikuwa nammiminia chai nikaona kwa macho yangu. Kazi ya baba: mtumishi wa umma. Kazi ya mama: hana. Kalamu haikusita hata kidogo. Sikusema kitu, Shangazi, maana na mimi nikiulizwa hospitalini au kanisani najibu hivyohivyo, "sina kazi, nauza viazi tu." Lakini usiku sikulala. Sare za huyo mtoto, godoro, tranka na nauli vyote vimetoka kwenye viazi.

Mwakani mume wangu anafikisha miaka 60, anastaafu. Atakuwa amefundisha miaka 31. Nyumba nzima sasa inaongea kiinua mgongo. Amepiga hesabu na wenzake, anasema mkupuo wake utakuwa kama milioni 46. Anataka kujenga gesti ya vyumba 10 njia ya kwenda uwanja wa ndege wa Songwe, kiwanja alishanunua. Fundi alipompigia hesabu ikapelea, ndipo akanigeukia. Ananiambia nitoe akiba yangu tumalizie. Nikimwambia na mimi nawaza uzee wangu anacheka, anasema, "Wewe una wasiwasi gani? Pensheni yangu inatutosha wote, na gesti ni yetu." Si mtu mbaya, Shangazi. Halewi, hajawahi kuninyanyulia mkono, na kwa wazazi wangu ametenda mema.

Akiba yangu ni milioni 9, mbali na mtaji unaozunguka. Milioni 4 ziko kikoba, tunavunja Desemba. Milioni 3 ziko kwenye simu. Milioni 2 ziko benki kwenye akaunti ya pamoja, kadi anayo yeye. Wiki nzuri nabaki na faida ya laki moja na zaidi, wiki mbaya viazi vinaoza narudi na hasara.

Kila mtu ana lake la kunishauri. Dada yangu aliyeolewa Mafinga anasema ninunue shamba nipande miti, kwao miti ndiyo pensheni. Mwanangu wa kwanza aliye Dar es Salaam anasema nikanunue vipande vya UTT. Rafiki yangu wa kikoba amejiunga na mchezo wa kwenye simu, unaweka laki tano na kila siku unaona fedha zinaongezeka, ananiambia nisilale. Na goti langu la kushoto halitaki tena kupanda kwenye Fuso.

Nisaidie. Kwa umri huu nimechelewa? Je, ni dhambi au ni uchoyo mke kuweka fedha kwa jina lake wakati mume ana pensheni? Na kama si dhambi, niziweke wapi?

Ndaga fijo.

Mama wa Viazi, Uyole

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye ile fomu.

Nianzie hapo, maana mambo ya fedha nitakayokueleza yote yamening'inia kwenye neno hilo moja. Tumezoea kuita kazi kile chenye barua ya ajira, mhuri na mshahara wa mwisho wa mwezi. Anayelima anasema yupo tu nyumbani. Anayeshona nguo anasema anajishikiza. Kijana anayeendesha bajaji Mwanjelwa tangu asubuhi hadi usiku atakwambia bado anasubiri ajira. Na mtu akishasema hana kazi, hawezi kujiuliza atastaafu lini wala na nini. Ndivyo wengi wetu tunavyofika miaka 65 tukiwa tumebeba mizigo mizito kuliko mtumishi yeyote, na hakuna shilingi hata moja iliyowekwa kwa ajili ya uzee wetu.

Mama yangu aliuza ndizi hapo Tukuyu kwenu kwa zaidi ya miaka 30. Alipofariki tulifungua sanduku lake tukidhani tutakuta chochote. Tulikuta kanga mbili mpya, cheti cha ubatizo, na daftari la kurasa 96 lililojaa majina ya watu na hesabu ya mikungu waliyochukua kwa mkopo. Baadhi ya majina yalikuwa ya watu tuliokwisha kuwazika kabla yake. Miaka yake yote ya kazi ilikuwa mle ndani, mikononi mwa watu wengine. Kwa hiyo ninapokujibu wewe nakujibu nikiliona lile daftari, na unisamehe nikikaza sauti.

Tazama mumeo anavyopata pensheni. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 ya mshahara kila mwezi, na Serikali ikiwa mwajiri wake huongeza asilimia 15, zote zinakwenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma uliozaliwa 2018 baada ya kuunganishwa mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Haulizwi kama mwezi huo ana mgonjwa au ana harusi. Fedha inakatwa kabla hajaishika. Wewe umekuwa mwajiri na mwajiriwa ndani ya kanga moja, na mwajiri hakuwahi kumlipia mwajiriwa wake michango. Hiyo ndiyo tofauti yenu. Ya mumeo iliandikwa kwenye fomu, na yako inabidi uianze wewe mwenyewe.

Sasa tumfanyie mumeo hesabu yake, maana nadhani na yeye ameitazama upande mmoja tu, upande wa mkupuo. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, kinachotumika tangu Julai 2022 kinachukua wastani wa mshahara wa miaka mitatu bora ndani ya miaka 10 ya mwisho. Milioni 46 aliyokutajia inaendana na wastani wa kama 1,200,000 kwa mwezi, yaani milioni 14.4 kwa mwaka. Zidisha kwa miezi 372 ya utumishi wake, gawanya kwa 580 (hiyo 580, na ile 12.5 inayofuata, ni namba za kikokotoo chenyewe), unapata milioni 9.24 hivi. Hiyo ni pensheni kamili ya mwaka. Ukiizidisha kwa 12.5 na kuchukua asilimia 40, ndiyo hiyo milioni 46. (Awali kikokotoo cha 2022 kiliwashusha walimu na watumishi wenzao kutoka asilimia 50 hadi 33, malalamiko yakawa mengi, na bajeti ya 2024/25 ikawapandisha hadi 40.) Asilimia 60 iliyobaki ya ile pensheni ya mwaka ndiyo anayolipwa mwezi kwa mwezi. Igawe kwa 12: ni kama 462,000.

Rudia kuisoma, mwanangu. Mtu aliyezoea mshahara wa 1,200,000 kabla ya makato ataamka mwezi unaofuata na 462,000, ana mtoto kidato cha tano, ana mwingine Dar es Salaam, na ana goti la mkewe. Anaposema pensheni yake inawatosha wote hakudanganyi. Hajakaa na kalamu. Na ile pensheni ya kila mwezi ni ya mstaafu mwenyewe. Mungu amjalie maisha marefu, lakini akitangulia yeye, haiendelei kukujia wewe mwezi kwa mwezi mpaka mwisho wako kama ilivyokuwa ikimjia yeye. Kuna mafao ya wategemezi yenye masharti yake. Nendeni wote wawili kwenye ofisi ya mfuko kabla hajastaafu, muulize kwa vinywa vyenu, na mhakikishe majina yenu na ya watoto yameandikwa sawasawa. Nimeona wajane wakizungushwa miezi kwa sababu ya herufi moja. Mkiwa huko ulizeni pia habari ya kadi ya bima ya afya ya NHIF, mstaafu na mwenza wake wana utaratibu wao, na kwa goti lako hilo si jambo dogo.

Gesti. Hapa nitasema wazi kwa kuwa mumeo huenda akasoma. Vyumba 10 vikijaa ni mashuka 20 kwa siku. Nani atayafua? Nani ataamka saa tisa usiku kumfungulia dereva wa lori aliyetoka Tunduma? Nani atasugua choo? Namwona mwalimu wetu amekaa mapokezi na daftari la wageni, mwandiko mzuri, na nyuma ya nyumba nakuona wewe umeinama kwenye beseni. Miaka zaidi ya 20 ya viazi, halafu uzee unakupa kazi nyingine isiyo na mshahara, na kwenye fomu ijayo utaandikwa tena kwamba huna kazi. Uwekezaji wa mstaafu unaotegemea mgongo wa mkewe unapaswa kuhesabu na mgongo huo kama gharama.

Siwezi kusema gesti haitalipa, sijui barabara ile inapitisha wageni wangapi. Na yeye hajui. Mwambie kabla ya kununua tofali moja aende eneo lile jioni kumi na nne tofauti, saa tatu usiku, ahesabu kwenye kila gesti iliyopo madirisha mangapi yana taa na mangapi yana giza. Aandike. Ni mwalimu, anajua kutunza mahudhurio. Akimaliza ajumlishe mlinzi, umeme, maji, leseni, kodi, na mtu wa kufua anayelipwa. Hesabu ikisimama, ajenge vyumba vinne kwanza kwa sehemu ya mkupuo, sehemu nyingine ibaki. Ikikataa kusimama, ameokoa milioni 46.

Wewe unaijua lumbesa kuliko mimi. Gunia limejaa, bado linaongezwa kichwa, linashonwa kwa kamba, linapakiwa hivyohivyo ingawa Wakala wa Vipimo wanasema lisizidi kilo 100. Anayebeba ndiye anayejua. Mpango huu wa gesti ni lumbesa: mkupuo wake, akiba yako, uzee wake na uzee wako, vyote gunia moja. Kamba ikikatika njiani hakuna cha kuokota.

Umeuliza kama ni dhambi. Ungekuwa unaficha fedha ukiwaacha watoto na njaa, ningekukemea. Hukufanya hivyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 haisemi kwamba mali ya mke inageuka ya mume siku ya harusi. Mke anaweza kuwa na mali, kuishika na kuiuza kwa jina lake sawa na mume. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Kupika na kulea tu, sembuse wewe uliyeleta na fedha taslimu. Sikutajii haya uende mahakamani na mume asiyekunyanyulia mkono. Nakutajia ili ukikaa naye mezani ujue hujakaa kama mwombaji.

Kuhusu kuchelewa: umechelewa kwa mambo fulani, kwa mengine bado. Tuchukulie utaendelea mpaka 60, una miaka 11.

Kwa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambao siku hizi unawapokea waliojiajiri, wachuuzi na wakulima, pensheni ya kila mwezi inadai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Ukianza leo utaifikisha ukiwa na 64. Usipofikisha unalipwa mkupuo, si pensheni. Kwako ni jambo la kwenda kuuliza kwa kina, si la kutegemea peke yake. Anayepaswa kupelekwa huko wiki hii hii ni huyo binti yako wa miaka 24. Sijui anafanya shughuli gani, lakini kama na yeye anasema hana kazi, anashona tu au anasuka tu, mshike mkono mwende naye. Miaka 15 kwake ni 39, bado kijana kabisa.

Kikoba usikiache, ila kijue kilivyo. Kikoba kinavunjwa kila Desemba, na Desemba ina Krismasi, ina vitenge, ina Januari ya shule nyuma yake. Umeweka miaka mingapi? Na kila mwaka umeanza upya. Kwa kuinua mtaji ni kizuri sana. Fedha ya uzee inatakiwa isivunjwe na kalenda.

Mwanao wa Dar es Salaam amekushauri vema. UTT AMIS ni taasisi ya Serikali inayosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulianza 2005. Unanunua vipande, fedha zenu wengi zinakusanywa na kuwekezwa kwenye hatifungani (mikopo wanayopewa Serikali na kampuni kwa riba), amana za benki na hisa, thamani ya kipande inapanda au kushuka kulingana na uwekezaji huo. Mfuko wa Ukwasi unafaa fedha ya dharura kwa kuwa unaweza kutoa bila kungoja miaka. Mfuko wa Hatifungani unafaa zile za muda mrefu. Unaweza kununua hata kwa simu, kwa viwango vidogo vidogo, na hilo kwa mchuuzi ni muhimu kuliko asilimia za faida.

Zipo pia hatifungani za Serikali zenyewe. Unaikopesha Serikali kuanzia milioni 1, inakulipa riba kila baada ya miezi sita, na mwisho wa muda inakurudishia fedha yako. Benki Kuu ina tawi hapo Mbeya mjini, na benki yako inaweza kukuombea kwenye mnada. Zile za miaka 25 za mwaka 2021 zilitoka na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Zilizofuata zimekuwa na viwango vingine, kwa hiyo uliza cha mnada wa siku unayokwenda. Ila ukibanwa katikati ukataka kuuza, unauza kwa bei ya soko la siku hiyo, na inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Fedha ya kununulia viazi usiipeleke huko.

Zile milioni 9 ningezigawa hivi. Milioni 2 za dharura, Ukwasi. Milioni 1 ibaki kikoba ili uwe na hisa za kukopea. Milioni 6 ziende kwenye muda mrefu, hatifungani au mfuko wake, na riba isiliwe, irudishwe. Kisha kila Jumatatu, kabla hujanunua mzigo, elfu 25. Wiki ya hasara, elfu 5, lakini mkono usisahau njia. Hiyo ndiyo michango ya mwajiri.

Kwa mfano wa hesabu tu, wala usiichukue kama ahadi ya mtu yeyote, tuseme faida ni asilimia 10 kwa mwaka. Milioni 6 baada ya miaka 11 ni kama milioni 17. Laki moja ya kila mwezi inakuwa kama milioni 24. Jumla 41. Asilimia 10 ya hiyo ni milioni 4.1 kwa mwaka, au 340,000 kwa mwezi bila kugusa mzizi. Bei nazo zitakuwa zimepanda. Mfumuko ukibaki kwenye asilimia 3 kama miaka hii ya karibuni, hiyo 340,000 itanunua vitu vya 245,000 za leo. Haitakufanya tajiri. Itanunua unga, sabuni, dawa ya goti na sadaka, na hutamwomba mtu.

Dada yako wa Mafinga anasema kweli, na ukweli wake una kona. Nimepita Mufindi, Kilolo na Njombe, nimeona wazee waliosomesha watoto kwa misindano na mikaratusi. Lakini msindano wa mbao unataka miaka 15 na zaidi, na ule wa Serikali pale Sao Hill wanauacha usimame hata kuzidi hapo. Katikati ya miaka hiyo hakuna hata shilingi ya chumvi, na ndiyo maana wengi wanakata mti mchanga wa miaka minane tisa na kupewa bei ya kuni. Halafu kuna moto. Wewe uko Uyole, shamba liko Mafinga, jirani anaandaa shamba lake mwezi wa kumi upepo unavuma, na usafi wa barabara za kuzuia moto hakuna wa kuusimamia. Kama dada yako ana ardhi yenye hati isiyo na mgogoro na atalilinda, ekari moja kutoka kwenye faida ya msimu mzuri si vibaya. Akiba yote, hapana.

Mchezo wa kwenye simu usiuguse, na rafiki yako mwambie atoe chake leo kama bado kinatoka. Mwaka 2009 DECI, mchezo wa upatu wa namna hiyohiyo, ilifungwa nchi nzima, watu walikuwa "wamepanda mbegu" wakingoja kuvuna mara mbili, wengine kwa kuambiwa na watumishi wa Mungu waliowaamini. Aliyevuna alilipwa kwa mbegu ya aliyefuata. Uliza swali moja: fedha hii inafanya biashara gani? Wewe ukipata faida unajua imetoka kwenye gunia lipi.

Sasa mazungumzo na mumeo. Usimwambie "sitoi." Jumapili baada ya ibada, watoto wakiwa hawapo, muulize pensheni ya kila mwezi itakuwa shilingi ngapi. Mpe kalamu afanye mwenyewe ile hesabu niliyoiandika hapo juu. Mwache aione 462,000 kwa mwandiko wake. Kisha mwambie: "Baba Fulani, ukiongeza na uzito wangu juu yake, hii haitutoshi. Nataka na mimi nije na yangu mwezi hadi mwezi, ili tusile mkupuo." Mwalimu wa miaka 31 ataelewa hesabu. Akikasirika kidogo, mvumilie, ni mtu anayeogopa kustaafu, hata kama haonyeshi. Gesti kwake pengine ni namna ya kuendelea kuitwa mtu mwenye shughuli. Muulize na hilo, kwa upole.

Zile milioni 2 za akaunti ya pamoja ziombe mkiwa mmekaa hapo hapo, mbele yake.

Halafu goti. Hutastaafu kwa siku moja kama yeye, utapunguza. Anza mwaka huu kumtafuta kijana wa kupanda Fuso kwa malipo, wewe ubaki kwenye simu na wakulima wako wa Isyonje. Wanakujua kwa jina, na huo nao ni mtaji, ingawa benki hawana mstari wa kuuandika.

Fomu ya kidato cha tano imeshaondoka, iache. Lakini utakapokwenda kufungua akaunti yako utapewa nyingine, na ina mstari wa kazi. Kalamu ishike wewe. Andika: mfanyabiashara wa viazi. Na wakikuuliza tangu lini, andika mwaka ule binti yako alipoachishwa ziwa.